Mgagani bustanini: chuma kabla ua halijakuwahi

Anayelima mchicha anaweza kusahau bustani siku chache na bado akakuta mboga. Mgagani hausubiri. Unaota kwa kasi, unapendeza kwa wiki kadhaa, kisha ukiuacha peke yake unarefusha shina, unaweka shada la maua meupe kileleni, na majani yanayofuata yanatoka madogo, magumu na machungu kupita kiasi. Wengi huona hivyo wakasema mbegu ilikuwa mbaya. Mara nyingi mbegu haina kosa. Mmea umefanya kazi yake ya asili, nayo ni kuchanua na kuzaa ndani ya msimu mmoja. Kwa hiyo karibu kila hatua utakayosoma hapa, kuanzia samadi hadi namna ya kushika kisu, inalenga kulichelewesha ua. Mwishoni tu ndipo tutakapoliruhusu, maana bila ua hakuna mbegu.

Kwa wanaoujua kwa majina ya kwao: huu ndio chinsaga wa Kisii, saget ya Wakalenjin, dek ya Wajaluo, tsisaka ya Waluhya, isogi ya Rwanda na Burundi. Kwa jina la kitaalamu ni Cleome gynandra, na vitabu vya karibuni huandika Gynandropsis gynandra. Jani lake limegawanyika vijani vitano vilivyotoka sehemu moja, wakati mwingine vitatu au saba. Shina ni la kijani au la zambarau, lina vinyweleo na hunata kidogo ukilishika. Ukikuta mmea unaofanana nao lakini una maua ya njano, huo ni jamaa yake wa porini. Usichukue mbegu zake ukidhani umepata mgagani.

Mahali pa kupanda

Jua, tena jua la kutwa. Mgagani unatumia jua kwa namna ileile ya mahindi na mtama, na chini ya mwembe au nyuma ya ukuta utapata vijiti virefu vyembamba vyenye majani ya kuhesabu. Baridi nayo unaichukia. Watu wa Njombe au Limuru wanaupata, lakini miezi ya Juni na Julai unadumaa, na ni afadhali kungoja joto lirudi kuliko kupoteza mbegu.

Kitu kingine usichokivumilia ni maji yaliyotuama. Mizizi inaoza upesi. Kwa walioko pwani, ambako masika humwaga maji kwa wiki nzima, inua tuta sentimita 20 hivi juu ya njia, na uhakikishe maji yana pa kutokea. Bara kwenye udongo wa kichanga tuta la chini linatosha, hata sesa.

Lima kwa kina cha jembe zima, kama sentimita 30, kwa sababu mmea huu una mzizi mkuu unaoshuka moja kwa moja. Ukikutana na udongo mgumu chini, mmea unapata kiu mapema, na mmea wenye kiu unakimbilia kuchanua. Kisha weka samadi iliyooza vizuri, kilo mbili hadi tatu kwa kila mita ya mraba. Ndoo ya lita 20 iliyojaa samadi kavu inatosha takriban mita nne au tano za mraba. Samadi ya kuku ina nguvu zaidi, nusu ya hapo inatosha. Usifanye ubahili katika hatua hii: nitrojeni ya kutosha inaongeza majani na pia inachelewesha maua, na udongo uliochoka hautarekebishwa na umwagiliaji wowote. Ila samadi mbichi iache mpaka ioze, kwani itaunguza miche na kukuletea magugu ambayo hukuyapanda.

Mbegu na tabia zake

Hapa ndipo watu wengi wanapoanguka, na lawama humwendea muuzaji bure.

Mbegu ya mgagani ni ndogo sana, nyeusi au ya kahawia, ya mviringo na yenye mikwaruzo juu. Ikitoka tu kwenye ganda, imelala. Hata ukiipa maji na joto, nyingi hazitaota. Zinahitaji kukaa kavu miezi mitatu hadi sita ndipo ziamke. Kwa hiyo mbegu za mwaka jana kutoka kwa jirani zinaweza kukufaa kuliko zilizovunwa wiki iliyopita, na hilo ni kinyume na tulivyozoea kwenye mboga nyingine.

Tabia ya pili: mwanga unaizuia kuota. Hii ina maana mbili. Kwanza, usiimwage tu juu ya tuta ukaiacha wazi; ifukie kidogo. Pili, ukitaka kuipima kabla ya kupanda, usiiweke kwenye sahani dirishani. Chukua mbegu 50, zitandaze kwenye kitambaa kibichi, kikunje, kitie kwenye kopo lenye mfuniko na uliweke mahali penye joto, jikoni kwa mfano, bila kukiacha kitambaa kikauke. Baada ya wiki moja fungua uhesabu. Zikiota 40, panda kwa kawaida. Zikiota 20 au 25, ongeza kiasi cha mbegu mara mbili. Zikiota tano, zirudishe kabatini zilale zaidi kama ni mpya, au zitupe kama ni za miaka mingi.

Mbegu za dukani hulipiwa, lakini zina faida moja: aina zilizochaguliwa na watafiti kwa kawaida huwa na majani mapana na hazikimbilii kuchanua kama zile za kuokota kando ya njia. Ukipata jirani anayelima mgagani mzuri, mwombe. Mbegu za magugu ya porini zinaota, ndiyo, ila zimezoea kuishi kwa haraka na kufa kwa haraka.

Kusia

Sia moja kwa moja bustanini. Kitalu cha mgagani ni kazi ya bure, kwa sababu ule mzizi mkuu ukikatika wakati wa kuhamisha, mche unanyauka, na ukipona unachanua ukiwa bado mfupi.

Chora vifereji vya kina cha sentimita moja, vikiachana sentimita 30. Changanya mbegu na mchanga mkavu, sehemu moja ya mbegu kwa sehemu kumi za mchanga, ili zisianguke kwa mafungu. Kijiko cha chai cha mbegu kinatosha tuta la mita moja kwa tano. Fukia kwa udongo laini, kandamiza kwa kiganja, kisha nyunyizia kwa keni yenye matundu madogo. Maji ya ndoo yaliyomwagwa kwa nguvu yatazikusanya mbegu zote kwenye kona moja. Tandaza nyasi kavu chache juu ili udongo usipasuke, na uziondoe mara uonapo vichipukizi vya kwanza, kati ya siku ya nne na ya nane kukiwa na joto.

Wapo wanaotawanya mbegu kwa mkono tuta zima. Inawezekana, lakini subiri magugu yaote katikati ya miche midogo usijue kipi ni kipi. Mstari unakuambia wapi pa kupalilia.

Shauri ninalolisisitiza kuliko mengine ya hatua hii: usisie tuta lote siku moja. Mgagani hauna umri mrefu wa kuchumwa, wiki nne hadi sita tu, basi. Gawa eneo lako mara tatu, usie kipande kimoja kila baada ya wiki mbili au tatu. Cha kwanza kinapoanza kuchoka, cha pili kiko tayari.

Kama huna shamba, gunia au ndoo iliyotobolewa chini inafaa, mradi kina kisipungue sentimita 30. Mabeseni na vyungu vifupi vya maua achia mimea mingine.

Wiki tatu za mwanzo

Palizi ndiyo kazi kubwa. Mche mdogo wa mgagani hauwezi kushindana na ndago. Ng'oa kwa mkono karibu na mstari, tumia kijembe kidogo katikati, na usichimbe kwa kina.

Miche ikifika kimo cha kiganja, kwenye wiki ya tatu, punguza. Acha mmoja kila baada ya sentimita 10 hadi 15. Chagua wanene, ng'oa wembamba, na usiwatupe: mizizi ikikatwa, hiyo ni mboga ya kwanza ya msimu, laini kuliko zote zitakazofuata. Watu huona huruma kupunguza. Ukiacha miche imebanana, inashindana kwenda juu, na kinachofuata unakijua.

Mwagilia udongo ukikaribia kukauka, asubuhi ikiwezekana. Kwenye jua kali la Januari inaweza kuwa kila siku, wakati wa mvua hapana kabisa. Mgagani una sifa ya kustahimili ukame na ni kweli haufi upesi, lakini kutokufa si sawa na kukupa majani. Ukiuacha na kiu siku kadhaa, unaelewa kuwa msimu umekwisha na unaweka maua. Matandazo ya nyasi kati ya mistari yanapunguza sana kazi hii.

Namna ya kuchuma

Kwenye wiki ya nne au ya tano mmea una kimo cha sentimita 15 hadi 20. Mtu mvivu atasubiri ukue zaidi. Usisubiri. Kata kilele sasa, kwa kisu kikali au ukucha, ukiacha majani manne au matano chini. Kata juu kidogo ya kikonyo cha jani, kwa sababu chipukizi jipya hutokea kwenye kwapa la jani hilo. Ukikata kilele umeondoa mahali ambapo ua la kwanza lingekaa, na nguvu za mmea zinahamia pembeni. Baada ya wiki moja utaona matawi matatu, manne, wakati mwingine zaidi.

Kuanzia hapo chuma kila wiki, au kila siku tano kwenye joto kubwa. Chukua matawi ya urefu wa kidole, na kila tawi uliache na majani mawili chini ili lichipue tena. Usikwangue mmea wote mara moja; acha angalau theluthi ya majani yaendelee kuulisha.

Kisha kuna kazi ya maua yenyewe. Vitumba huanza vikiwa vimejificha kati ya majani madogo ya kileleni, na kwa macho unaweza kuvipita. Kwa vidole huvipiti: ukibana ncha ya tawi utahisi kifundo kigumu cha chembe chembe badala ya ulaini wa jani. Ondoa ncha hiyo hapo hapo, uwe unahitaji mboga siku hiyo au huhitaji. Vitumba vichanga vinapikwa pamoja na majani, havina ubaya. Fanya hivyo kila unapopita bustanini. Hii ndiyo tofauti kati ya tuta linalochumwa mara mbili na tuta linalochumwa mara tano au sita.

Baada ya kila mchumo wa pili, lisha. Loweka samadi kwenye ndoo ya maji siku chache, zimua maji hayo mpaka yawe na rangi ya chai ya rangi, umwage kwenye shina na si kwenye majani.

Ipo njia nyingine, ya kung'oa mmea mzima ukiwa na wiki tano au sita na kufunga mafungu. Wanaouza sokoni wanaipenda kwa sababu fungu lenye mizizi halinyauki upesi, na tuta linakuwa wazi kwa mazao mengine. Kwa bustani ya nyumbani naiona ni hasara, isipokuwa una nafasi kubwa na unasia kila wiki.

Majani yaliyokatwa hunyauka mapema. Chuma asubuhi, funika kwa kitambaa kibichi, pika siku hiyohiyo. Na utajua tuta limechoka pale matawi mapya yanapotoka na vijani vitatu vyembamba badala ya vitano, na kila ncha ina kitumba. Usilibembeleze. Ng'oa, tupa kwenye mboji, andaa upya.

Wadudu na magonjwa

Mgagani una undugu wa karibu na jamii ya kabichi na sukuma wiki, na wadudu wanalijua hilo. Kwa hiyo usiufuatishe mahali palipotoka kabichi, wala usiupande ubavuni mwa sukuma wiki iliyoshambuliwa.

Wanaosumbua zaidi ni vidukari, wanaojibana chini ya majani machanga na kuyakunja. Ukiwaona wachache, wapondeponde kwa vidole. Wakizidi, nyunyiza maji yenye sabuni kidogo ya kufulia jioni, ukilenga upande wa chini wa jani, na uoshe mboga vizuri kabla ya kupika. Wapo pia wadudu weusi wadogo warukao kama viroboto, wanaotoboa majani matundu ya sindano, na kunguni wadogo wenye madoa meusi, meupe na ya rangi ya chungwa wanaonyonya utomvu. Majivu yaliyopepetwa juu ya majani yenye umande huwapunguza, na maji ya majani ya mwarobaini yaliyotwangwa husaidia. Dawa kali za dukani sipendekezi hata kidogo. Mboga unayoichuma kila wiki haina nafasi ya kusubiri siku za usalama zilizoandikwa kwenye kibandiko.

Ubwiri unga, ule ukungu mweupe juu ya jani, huja mimea ikibanana na hewa isipopita. Dawa yake ilikuwa kupunguza miche. Ondoa majani yaliyoathirika na umwagilie chini.

Kinyume chake, harufu kali ya mgagani hufukuza baadhi ya wadudu. Watafiti nchini Kenya wameichunguza dhidi ya kupe, na pia dhidi ya utitiri mwekundu kwenye mawaridi, wakapata matokeo ya kutia moyo. Ukiwa na mawaridi nyumbani, mistari miwili ya mgagani katikati yake haitakudhuru.

Jikoni, kwa ufupi

Uchungu ni sehemu ya mboga hii, lakini unadhibitika. Majani machanga yaliyochumwa kabla ya ua yanahitaji kuchemshwa kidogo tu. Yaliyokomaa chemsha, mwaga maji ya kwanza, kisha uunge kwa maziwa au karanga zilizosagwa na uache kwenye moto mdogo. Wapishi wa magharibi mwa Kenya wengi huiacha kwenye chungu ilale na maziwa hadi kesho yake, na anayeila siku ya pili hatauliza kwa nini. Kuichanganya na mnavu, mchicha au majani ya kunde pia kunapunguza ukali kwa watoto.

Kuacha ua kwa ajili ya mbegu

Kosa linalorudiwa kila mahali ni kuchuma tuta zima, kisha kuokota mbegu kutoka kwenye mimea iliyoponyoka ikachanua mapema. Fikiria unachokichagua: mimea yenye haraka ya kuchanua. Ukifanya hivyo misimu minne au mitano, umejitengenezea mbegu isiyo na mboga.

Fanya kinyume. Wakati wa kupunguza miche, tenga ncha moja ya tuta na uipe nafasi kubwa, sentimita 30 au zaidi kati ya mche na mche. Usichume hapo. Mmea unaowahi kuweka kitumba kabla ya wenzake, ng'oa upike. Endelea hivyo mpaka ibaki ile iliyochelewa, yenye majani mapana, shina nene na isiyovutia wadudu. Ukipata kumi au zaidi ya namna hiyo ni vizuri; ukichukua mbegu kwenye mmea mmoja tu, kasoro zake utazirithi zote. Nyuki huhamisha chavua kutoka mmea hadi mmea, kwa hiyo hakikisha iliyochanua mapema mahali pengine bustanini imeshaondolewa kabla hii ya mbegu haijafungua maua.

Maganda ni marefu na membamba, yamesimama pembeni mwa shina, na hukomaa kuanzia chini kwenda juu. Usisubiri yote yakauke. Ganda likigeuka njano livune, kwa sababu likikauka kabisa linapasuka lenyewe na mbegu zinamwagika, na ndege nao wanajua saa hiyo. Pita kila siku mbili tatu na mfuko. Anika maganda kivulini juu ya shuka au turubai, yakikauka yapondeponde kwa mkono, pepeta taratibu maana mbegu ni nyepesi, kisha zianike tena siku chache kivulini.

Weka kwenye chupa au bahasha ya karatasi, pakavu, pasipo panya, na uandike mwezi wa kuvuna. Huo mwezi ndio utakaouhitaji baadaye. Aliyesia mwanzoni mwa masika atavuna mbegu mnamo Julai au Agosti, na vuli ikianza Oktoba mbegu hizo zitakuwa bado na usingizi. Kwa vuli tumia akiba ya mwaka uliopita, au changanya nusu kwa nusu baada ya kuzipima kwa kitambaa na kopo. Hizi mpya ziache zisubiri masika yajayo.